Africa House: Pambo la Nyumba na Kumbukumbu Zake
(Hotuba ya Ofisa Habari wa Wizara kutoka Unguja kwa watumishi wa Serikali na wakazi wa Ilula)



Ilula ni mji wa barabara kuu. Msafiri hushuka hapa, akala, akanunua nyanya, kisha akaendelea na safari yake. Kwa kuwa mnajua maana ya kumkirimu mgeni, naomba niwaeleze habari za nyumba moja mashuhuri ya kulia chakula huko kwetu Unguja, katika mtaa wa Shangani, Mji Mkongwe.

Nyumba hiyo ni Africa House. Asili yake ni Klabu ya Waingereza, iliyoanzishwa mwaka 1888. Baraza yake ya juu huelekea magharibi, na jua huonekana likizama baharini. Lakini waliokaa wakilitazama jua hilo walikuwa Wazungu. Mwenyeji aliingia humo kwa ajili ya kazi: kupika, kuandika meza na kuosha vyombo. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, enzi ya klabu ilikwisha, nyumba ikapewa jina la Africa House, na mwananchi akaketi pale alipokuwa akisimama na sinia mkononi.

Hata hivyo, jina jipya halizibi dari inayovuja. Nyumba ilichakaa kwa miaka mingi, hata ilipokarabatiwa na kuwa hoteli, ikarudishiwa samani za kale na picha za Unguja ya zamani.

Ndugu wananchi, ukarabati wa namna hiyo una elimu yake. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake hubebwa na boriti za mikoko. Ndiyo maana upana wa chumba hufuata urefu wa boriti. Fundi akipaka saruji juu ya chokaa, unyevu hufungika ndani na ukuta hudhoofika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine huo ukuta hutoujenga tena. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Tukirudisha meza, taa na milango ya nakshi, tukasahau mikono iliyobeba sahani, tutakuwa tumemkarabatia mkoloni klabu yake. Pambo lirudi pamoja na habari kamili za walioketi na za waliozuiwa.

Nanyi mnao mfano wa karibu. Boma la Iringa lilijengwa na Wajerumani, likatumika kama ofisi za utawala, na mwaka 2016 likafunguliwa kuwa makumbusho. Palipotolewa amri, sasa hutolewa maelezo.

Kwa hiyo, mtumishi aliyekabidhiwa jengo la kale asikimbilie kulibomoa. Kwanza atazame paa. Pili atafute fundi anayeijua kazi hiyo. Tatu awaulize wazee ni nani waliofanya kazi humo, na majina yao yaandikwe wangali hai wa kuyataja.