Sanaa Darasani Isimfilisi Mzazi
(Hotuba kwa walimu na wazazi wa Mosocho)



Kila muhula wazazi hulalamika kwamba mtoto ameagizwa manila, rangi na gundi, na pesa hazipo. Wana haki. Lakini somo la Sanaa Bunifu halihitaji duka, hasa hapa Kisii. Tabaka huchonga mawe ya sabuni yanayouzwa hadi ng'ambo. Obokano, ala ya nyuzi nane, ni ya Abagusii. Nao mgomba uko karibu kila boma.

Mwalimu na aanze na kilicho karibu: maganda makavu ya mgomba ya kusuka kamba na vikapu, udongo wa mfinyanzi, mkaa wa kuchorea. Jiwe la sabuni liachiwe watoto wakubwa chini ya uangalizi, na lipigwe msasa likiwa limeloweshwa, kwa kuwa vumbi lake huumiza mapafu.

Pili, mwalimu asichore kikombe kimoja ubaoni ili darasa zima linakili. Aulize: nyanya atashikaje kikombe chenye uji moto? Kila mtoto afinyange jibu lake.

Tatu, asitafute kilichonyooka tu. Amuulize mtoto: umetumia nini, kwa nini, na ungebadilisha nini? Majibu hayo ndiyo yanayoonyesha alichojifunza. Kusuka pia ni hesabu. Mtoto huhesabu nyuzi na kufuata ruwaza.

Mzee anayejua kusuka au kupiga obokano aalikwe darasani. Mzazi naye asimfanyie mtoto kazi usiku ili apate alama. Kikapu kilichopinda cha mtoto kina thamani kuliko kizuri cha mama yake.

Kwa nini haya yote? Mtihani wa KCPE, uliofanywa mara ya mwisho mwaka wa 2023, haukutahini sanaa katika miaka yake ya mwisho, na wengi wakaiona kuwa mchezo. Leo, chini ya Mtaala wa Umilisi, Sanaa na Michezo ni mojawapo ya mikondo mitatu ya sekondari pevu. Mkondo huo hauanzi Gredi ya 10. Unaanza chekechea, ngazi ambayo Katiba ya 2010 iliikabidhi kaunti.

Mkono usiozoeshwa udongo mapema hautachonga jiwe baadaye.