Kila Kazi na Majina Yake

Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Daraja Mbili, Kisii

Reli haikufika Kisii; sisi kazi yetu iko Kisumu, lakini kwetu ni hapa Daraja Mbili. Leo twataka kusema juu ya sinema. Msicheke, maana jambo hili ni la chama.

Picha ya sinema ikiisha, majina huanza kupanda juu ya kitambaa, na watu wengi huinuka wakaenda zao. Sisi twasema: kaeni myasome. Hilo ndilo daftari la wafanyakazi. Huyu alishika kamera, huyu alinasa sauti, huyu alikata picha na kuziunganisha. Katika picha kubwa za Marekani majina huwa mamia. Katika picha ndogo ya mtu asiye na tajiri, jina moja hurudi mara mbili, mara tatu.

Yuko mama mmoja wa Tanzania, Flora M'mbugu-Schelling, ambaye ni wachache wanaomjua. Mwaka 1987 alitengeneza picha iitwayo Kumekucha, juu ya maisha ya wanawake wa Tanzania. Mwaka 1992 akatengeneza These Hands, maana yake Mikono Hii. Picha hiyo ya dakika 45 aliitoa yeye na kuiongoza yeye. Kuitoa ni kutafuta fedha, vyombo na ruhusa. Kuiongoza ni kuamua kamera itazame nini, na kwa muda gani. Kwa mfano wa reli, ni mtu mmoja anayetafuta mafuta na mabehewa, kisha yeye mwenyewe anapunga bendera.

Na alitazama nini? Wanawake wavunja kokoto karibu na Dar es Salaam, wakimbizi kutoka Msumbiji. Wameketi chini, nyundo mkononi, wanagonga jiwe mpaka liwe kokoto. Hakuna bwana anayesimulia juu ya picha. Wasikia nyundo, na sauti zao wenyewe. Mji hujengwa kwa kokoto, lakini ni nani huuliza zilivunjwa na nani? Mama huyu hakuwapita mbio. Aliwapa muda wa kutazamwa wakiwa kazini.

Hapa kwetu twaijua habari hiyo. Jiwe la Tabaka huchongwa, kisha akina mama hulisugua kwa msasa na maji mpaka liteleze. Mnunuzi huulizia mchongaji, aliyesugua haulizwi.

Wengine watasema kutaka jina ni majivuno. Sivyo. Usiku mmoja genge letu liliinua behewa lililoacha reli, na mwenzetu akapondwa vidole viwili. Asubuhi taarifa ikaandikwa, na jina ndani yake lilikuwa moja tu, la msimamizi. Mwenzetu alipodai fidia aliulizwa: ni nani asemaye ulikuwako? Sisi tulisema, lakini karatasi haikusema. Aliacha kazi bila kupata kitu.

Waandishi wa sinema wa Marekani walilijua jambo hili. Katika miaka ya 1940 chama chao kilipatana na matajiri kwamba chama ndicho kitakachoamua jina la nani liandikwe kuwa mwandishi wa picha. Na sisi tuliosoma misheni twakumbuka Nehemia, mlango wa 3: waliojenga ukuta wa Yerusalemu wametajwa, kila mtu na kipande chake, na Shalumu ametajwa pamoja na binti zake.

Neno la mwisho. Bibi Flora alishika kazi mbili katika picha yake mwenyewe. Tajiri akikupa kazi mbili kwa mshahara mmoja, hiyo ni habari nyingine. Ziandike zote mbili. Twaomba kila genge, na kila kikundi cha wapakiaji wa ndizi, kiwe na daftari lake: tarehe, kazi, saa, na majina yote, hata la kibarua wa siku moja. Asiyejua kuandika aandikiwe na mwenzake. Kila mwisho wa mwezi daftari lipelekwe kwa katibu wa tawi alitie sahihi.

Siku mwenzetu mwingine atakapoumia, karatasi nayo iseme.