Feza ya mchezo na feza ya sanduku



Komite iliniomba niseme juu ya michezo ya simu: pari ya mipira na ile karata inayoitwa poka. Munajua sababu. Sanduku letu la wagonjwa lilikaa siku kumi na moja bila feza, na katika siku zile mama mmoja alikuwa anangoja makuta ya pikipiki ya kumufikisha hospitali. Feza ilirudi, mama alipona. Jina la mtu hatulisemi, na musiniulize kisha mkutano.

Sitasema muache kucheza. Kijana aliyetoka shimoni na franga zake atacheza tu, hata tukimukataza. Afazali ajue hesabu.

Hapa Shabunda tuko na mwalimu muzuri: PDG wa shimo. PDG mwenye akili, akiwa na dola 300, hatii zote mu shimo moja. Anajua mashimo mengi hayatoi kitu. Anakata kidogo kidogo, ili la kwanza likikosa, na la pili, bado iko na chakula cha wachimbaji. Wacheza poka wazuri wanafanya vile vile. Meza za chini kabisa za intaneti, kuna zile za kuingia na dola 2. Wazoefu wanasema usikae pale kama hauna kiingilio mara 20 ao 30, ni kusema dola 40 mpaka 60, na iwe feza ya mchezo tu. Nyingi hivyo kwa nini? Kwa sababu hata fundi anaweza kupoteza siku nyingi kwa kufuatana. Karata hazimujui mtu. Feza ikipungua, anashuka meza ya chini. Kama meza ya chini haiko tena, anazima simu.

Pari iko ingine. Mu poka wachezaji wanapigana wao kwa wao, mwenye nyumba anakata sehemu yake, na fundi, wachache sana, anaweza kubakiza kitu. Mu pari unapigana na mwenye nyumba mwenyewe, na ni yeye aliyeandika bei. Twaa mechi ya nusu kwa nusu: bei ya haki ni 2, yeye anaandika 1,90. Ile iliyopungua ndiyo mshahara wake. Sasa funga mechi 10 za namna ile mu tike moja ya franga 1 000. Unaona pale 613 000, unaanza kununua mabati mu kichwa. Lakini nafasi ya kuzipata zote ni 1 kwa 1 024. Kwa wastani, kila franga 1 000 inarudisha karibu 600. Mechi moja tu ingerudisha 950. Ndiyo maana wanapenda tike ndefu.

Kuna tena ile ya kuongeza mara mbili kila ukipoteza: 500, 1 000, 2 000. Ukikosa mara 7 umekwisha toa franga 63 500, na ulikuwa unatafuta faida ya 500! Njo pale mkono unaingia mu feza ya wengine. Mwenyewe anasema, «nitarudisha kesho», na anaamini kweli.

Sisi tuliorudi, mtu akikosa likelemba, hakuna pa kukimbilia. Benki iko Bukavu, na barabara munaijua.

Kwa hiyo ninaomba mambo mawili yaandikwe leo. Feza ya mutuelle isikae tena mu simu ya mtu mumoja: sanduku lipate kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na mama mumoja kati yao. Na anayecheza awe na laini yake ya mchezo, mbali na ile ya kupokea michango. Mwenye neno anyooshe mkono, sekretere ataandika.