Kidhibiti cha Taa na Joto cha Kujitengenezea Nyumbani

 

Baridi ya Juni na Julai haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Machame, Kibosho au Marangu. Zamani nyumba ya Mchaga ilijihifadhia joto: moto ndani, na ng'ombe chini ya paa moja na watu. Leo joto hilo tunalinunua kwa LUKU, kwa ajili ya maji ya kuoga na taa za vifaranga. Hita ya wati 1,500 ikifanya kazi saa moja zaidi ya inavyohitajika kila siku, hula uniti 45 kwa siku 30. Si ajabu basi kwamba vijana wanajitengenezea vidhibiti vya kuwasha na kuzima vifaa vyenyewe. Ninalotaka tuelewane leo ni mahali ambapo mikono yako inapaswa kuishia na ya fundi mwenye leseni kuanza.

Kidhibiti kina sehemu tatu. Kihisi hupima joto au mwanga. Bodi ndogo ya kielektroniki, kama vile Arduino, huamua. Relei, yaani swichi inayovutwa kwa sumaku ya umeme, hutekeleza. Kihisi na bodi hutumia takriban volti 5. Ukikosea hapo, utaunguza kifaa cha bei ndogo. Upande wa pili wa relei kuna volti 230, na kosa la huko huweza kuunguza nyumba au kuua mtu.

Nalisema hili kwa kuwa nimelilipia ada. Nilipomaliza chuo, nilifunga kidhibiti katika banda la vifaranga la mama yangu. Programu ilikuwa sahihi: joto likifika nyuzi 35, zima. Taa nne za wati 250 zilifanya kazi vizuri kwa siku tatu. Usiku wa nne baridi ilizidi, nikaongeza hita ya wati 2,000 kwenye relei ileile. Jumla ikawa wati 3,000. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 13, na relei yangu ilikuwa imeandikwa ampea 10. Ncha zake zilipata moto zikagandana. Bodi iliamuru kuzima, lakini relei haikuweza kuachia. Asubuhi mama alinionyesha vifaranga 60 waliokufa kwa joto, wala hakuniuliza neno. Alikuwa amewanunua kwa fedha za kahawa. Banda halikuwaka moto, lakini hiyo ilikuwa bahati tu.

Kutokana na hayo, naomba mzingatie mambo manne.

Kwanza, piga hesabu kabla ya kununua. Gawanya wati za kifaa kwa 230, kisha chagua relei na waya vinavyozidi jibu hilo kwa nafasi ya kutosha. Hita ya bafuni ya wati 5,000 huvuta karibu ampea 22. Relei ndogo haiwezi kubeba mzigo huo. Ibaki kuiamuru kontakta, ambayo ndiyo iliyoundwa kwa mizigo mikubwa.

Pili, usiondoe themostati wala kinga yoyote iliyokuja na hita. Kidhibiti chako kiongezwe juu yake. Kama banda letu lingekuwa na themostati ya pili, ingekata umeme relei ilipogandana.

Tatu, kumbuka kuwa umeme hukatika na kurudi. Andika programu ili umeme unaporudi vifaa vya joto vianze vikiwa vimezimwa, na kihisi kikiharibika, joto lizimwe. Weka pia swichi ya mkono ambayo bibi anaweza kuifikia bila kuhitaji simu ya mtu.

Nne, kazi ya volti 230 mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuonyeshe leseni hiyo kabla hajafungua bisibisi yake. Nyaya zilizo baada ya mita ni wajibu wa mwenye nyumba. Nunua waya na swichi zenye alama ya ubora ya TBS, na utunze risiti. Bila risiti, madai yako dhidi ya muuzaji hayana mguu wa kusimamia.

Kijana anayeanza na ajifunzie kwa taa ya betri ya volti 12. Akikosea mara kumi, atakuwa amejifunza mara kumi, na nyumba itabaki imesimama.

Mama yangu alinunua vifaranga wengine msimu uliofuata. Kidhibiti ni kilekile, programu ni ileile. Kilichobadilika ni kontakta, themostati ya pili, na fundi aliyevifunga.