Kitambulisho Ndicho Mlango wa Kwanza wa Chuo Kikuu



Ndugu zangu wa Msambweni, Diani, Lungalunga na popote mnaposoma haya. Tukizungumzia vijana wetu kukosa chuo kikuu, mara tunalaumu alama. Ni kweli, bila C+ ya KCSE huingii digrii. Lakini nakuuliza: yule aliyeipata hiyo C+, mbona bado yuko nyumbani?

Tazama anachoulizwa. Akiomba mkopo wa HELB, anatakiwa namba ya kitambulisho chake na vya wazazi. Benki nayo yataka kitambulisho. Sasa kijana hana kipande kwa sababu babake pia hana. Alama zake zinabaki kabatini.

Hili limetokea hapa hapa Kwale. Wamakonde walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge. Watoto na wajukuu wao wakazaliwa hapa bila uraia. Oktoba 2016 wakafunga safari kwa miguu kwenda Nairobi kudai haki yao, ndipo wakatambuliwa. Wapemba, wavuvi wa pwani yetu, walingoja hadi 2023. Hesabu mwenyewe: aliyemaliza kidato cha nne 2010, miaka yake nani atamrudishia?

Kitambulisho si hisani ya chifu. Kifungu cha 12 cha Katiba kinampa kila raia haki ya hati za utambulisho. Cha 56 kinaitaka serikali iyape makundi yaliyotengwa fursa maalum katika elimu.

Basi tufanye nini?

Mzazi, shughulikia cheti cha kuzaliwa mtoto akiwa mchanga, usingoje afike kidato cha nne.

Kijana, ukitimiza miaka 18 nenda kasajiliwe, usingoje matokeo.

Ukizungushwa "njoo kesho", andika tarehe, ofisi na ulichoambiwa. Ukinyimwa, dai sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 kinakupa haki hiyo. Kisha tuletee. Malalamiko ya barazani hayana ushahidi, karatasi inao.

Maimamu na walimu wa madrasa, baada ya swala ya Ijumaa ulizeni: nani hapa ana mtoto asiye na cheti? Mtashangaa mikono itakayoinuka.

Elimu kwetu ni faradhi. Basi na kuifungulia njia ni jukumu letu sote. Wamakonde walifunga safari ya Nairobi. Sisi tunashindwa kufika ofisi ya usajili?

Allah atufanyie wepesi. Wabillahi tawfiq.