Maua ya Porini na Ndege wa Majira ya Machipuko Katika Vilima vya Chaki Kusini mwa Uingereza

Vilima vya chaki vya kusini mwa Uingereza, kama vile South Downs, North Downs na Chilterns, zamani vilikuwa sakafu ya bahari. Kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, magamba ya mwani mdogo usioonekana kwa macho yalizama na kurundikana hadi yakawa mwamba mweupe. Udongo unaoufunika ni mwembamba, maji hupenya upesi, na rutuba ni haba.

Uhaba huo ndio unaoleta wingi wa maua. Penye mbolea, majani machache yenye nguvu hurefuka na kuyanyima mengine mwanga. Juu ya chaki hakuna mmea unaopata shibe ya kuwatawala wenzake, na mita moja ya mraba huweza kuwa na aina 40 za mimea. Hata hivyo udongo peke yake hautoshi. Pasipo kondoo au sungura wa kuyapunguza majani, vichaka huingia. Hayo yalidhihirika baada ya 1953, mwaka ambao ugonjwa wa miksomatosi ulifika Uingereza na kuteketeza sungura: miteremko mingi iliyokuwa na nyasi fupi ikageuka vichaka. Jembe la trekta na mbolea za viwandani vilikuwa vimekwisha kuanza kuiharibu mingine.

Ua la kwanza kutafutwa, mwezi Aprili, ni Primula veris, lenye kichala cha manjano kilichoinama juu ya bua moja. Mtembezi apige magoti na kuchungulia mdomo wa ua. Katika mmea mmoja huonekana stigma, duara dogo la kijani linalopokea chavua. Katika mmea wa jirani stigma imejificha chini, na vifuko vya chavua ndivyo vilivyo mlangoni. Charles Darwin, aliyeishi Downe, juu ya chaki ya Kent, alichapisha maelezo ya jambo hilo 1862: mpangilio huo husaidia chavua ya mmea wa namna moja kufika kwenye mmea wa namna nyingine.

Okidi ya Ophrys sphegodes ni adimu zaidi, na kimo chake aghalabu hakizidi shubiri moja. Mdomo wake ni wa kahawia, laini kama mahameli, na harufu yake huiga ya nyuki jike wa porini. Nyuki dume hulipanda ua akidhani amepata mwenzi, kisha huondoka na chavua kichwani, asali hapewi. Mwezi Mei huchanua Hippocrepis comosa ya manjano, chakula pekee cha viwavi wa kipepeo wa buluu aitwaye Adonis.

Kwa upande wa ndege, kipozamataza husikika kabla ya kuonekana. Hupaa wima akiimba bila kupumzika, akawa nukta angani, kisha hushuka na kunyamaza anapokaribia ardhi. Mahali anapotua si lazima pawe kwenye kiota: mara nyingi hutua kando, akamalizia safari kwa miguu ndani ya nyasi. Kekeo hufika Aprili, na jike hutaga mayai katika viota vya ndege wadogo wa nyasini. Vifaa vya setilaiti ambavyo watafiti wa Uingereza walianza kuwafunga kekeo 2011 vimeonyesha kwamba wakati wa baridi huwa katika misitu ya bonde la Kongo. Waingereza humhesabu kuwa ndege wao, ingawa wengi wa wakubwa huanza kuondoka Juni. Wakongo wana haki ya kubisha.

Saa nzuri ya matembezi ni asubuhi mapema, upepo haujavuma. Kwa kuwa kipozamataza hutaga chini, njia haiachwi. Katika maeneo ya wazi yaliyofunguliwa kisheria kwa watembeao, mbwa hufungwa kamba isiyozidi mita 2 kuanzia Machi 1 hadi Julai 31, na kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi ni kosa.