Magazeti ya Ng'ambo na Maasi ya Hungaria
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa tawi)



Nimeombwa niseme juu ya magazeti. Mimi si mwalimu, ni mtu wa reli, lakini husoma. Nitatoa mfano mmoja.

Tarehe 23 Oktoba 1956 watu wa Budapest, mji mkuu wa Hungaria, waliinuka juu ya serikali yao iliyokuwa chini ya Urusi. Tarehe 4 Novemba vifaru vya Kirusi viliingia kuwaponda. Magazeti ya Moscow yaliwaita wapinga mapinduzi. Magazeti ya London na New York yaliwaita wapigania uhuru, na gazeti la Time la Marekani likamchagua mpigania uhuru wa Hungaria kuwa mtu wa mwaka.

Vema. Lakini siku mbili tu kabla ya maasi yale, Dedan Kimathi alipigwa risasi akakamatwa hapa kwetu Kenya. Yeye na wenzake wa msituni, magazeti ya London yaliwaita magaidi. Maasi ni maasi, lakini jina hutegemea ni nani anayeasiwa.

Wala msidhani magazeti yanayojiita ya wafanya kazi ni safi. Daily Worker, gazeti la Wakomunisti wa London, lilimtuma Peter Fryer Hungaria. Aliona kwa macho yake kwamba walioinuka ni raia wa kawaida, akaandika hivyo. Habari zake zilikatwa, nyingine zikafichwa. Akaacha kazi, na chama kikamfukuza.

Je, huruma ya ulimwengu ilifaa? Ilifaa kiasi: wakimbizi kama 200,000 walipata pa kukaa. Lakini redio ya Wamarekani iliyokuwa Munich iliwatia wapiganaji tumaini la msaada, na hakuna jeshi lililokuja. Wafanya kazi wa Budapest wakabaki na mgomo tu. Tarehe 11 na 12 Desemba waligoma saa 48, na viongozi wao wakakamatwa.

Nasi yametupata. Tulipogoma safari moja, gazeti fulani lilihesabu magari yaliyochelewa. Mshahara wetu halikuuliza.

Basi, ndugu, mkisoma habari za maasi ya mbali, ulizeni mambo matatu: Gazeti ni la nani? Mwandishi alifika mwenyewe? Walioinuka wanadai nini? Hilo la tatu mkilikosa gazetini, msikubali kuchukia watu wala kuwashangilia kabla ya kulitafuta.